Wilberforce na utumwa: ni 1807 au 1833?
Wengi huandika kwamba William Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyepinga utumwa, aliumaliza mwaka 1807. Hapana, 1807 sio mwaka utumwa ulipokwisha, sheria ya Uingereza ya 1807 ilipiga marufuku biashara tu, yaani meli za Waingereza zisibebe tena watu kwenda kuwauza, lakini waliokuwa tayari kwenye mashamba ya miwa Jamaica na Barbados walibaki watumwa vilevile. Iliyofuta utumwa wenyewe ni ya 1833, ikaanza kazi 1 Agosti 1834. Na hapo Wilberforce alishatoka bungeni tangu 1825 sababu ya afya, aliyeibeba hoja ni mbunge mwenzake Thomas Fowell Buxton, mzee Wilberforce yeye alipelekewa habari kwamba muswada sasa una uhakika wa kupita na siku tatu baadaye, 29 Julai 1833, akafariki.

Nafundisha historia sekondari, hili nalisahihisha kila mwaka kwenye madaftari.

Ila hata hiyo 1834 usiisome kama siku ya uhuru kamili, walioachiwa moja kwa moja ni watoto chini ya miaka 6, wengine wakalazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale kwa jina la uanagenzi mpaka 1838. Pauni milioni 20 za fidia zikaenda kwa waliomiliki watu, waliomilikiwa hawakupata hata senti, na hili linaniuma kila nikilifikia darasani. Soko la watumwa la Zanzibar ni habari nyingine kabisa, lile lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Waingereza na Sultani Barghash.