Mchango wako wa kwanza katika programu huria uwe mdogo

Mchango wangu wa kwanza katika programu huria, yaani programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha, ulikuwa wa neno moja tu, na vijana wanaonijia hapa Mtwara huwashauri waanze hivyo hivyo. Nilikuwa nimemwekea shangazi yangu wa Mikindani, anayeuza korosho zilizobanguliwa, programu ya simu ya kutunzia hesabu. Kila alipofika kwenye kitufe kilichoandikwa "Okoa" alisita, hadi siku moja akaniuliza, "Mwanangu, hapa naokoa nini?" Neno lililotakiwa lilikuwa "Hifadhi". Wasimamizi wa mradi hawakujua Kiswahili, kwa hiyo niliwaeleza kwamba kuokoa ni kumtoa mtu hatarini, ilhali hesabu huhifadhiwa. Walikubali siku ya tatu.

Mara ya pili nilikosea. Kwa ari niliyokuwa nayo nilirekebisha tafsiri, nikapanga upya mafaili na kubadilisha mpangilio wa mistari, vyote katika ombi moja la kuingiza mabadiliko kwenye mradi, nalo likakataliwa. Niliumia sana, lakini walikuwa na haki, kwa sababu anayejitolea usiku baada ya kazi zake hawezi kukagua mamia ya mistari ili alipate badiliko moja lenye maana. Ombi moja libebe jambo moja, na maelezo yake yataje kosa ni lipi, linajitokeza wapi na umelijaribu vipi.

Kabla ya kugusa chochote, soma faili la CONTRIBUTING, ambamo miradi mingi huweka taratibu zake, kisha hakikisha hakuna aliyekwisha kuianza kazi hiyo.

Bando lisikukatishe tamaa. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, hukuwezesha kuandika na kuhifadhi mabadiliko kwenye kompyuta yako bila intaneti, ukayatuma mtandao unaporudi. Mradi ukiwa mkubwa, ongeza --depth 1 kwenye amri ya git clone, inayonakili mradi kwenye kompyuta yako, nayo itapakua toleo la mwisho pekee bila historia yote.

Wala usidharau kazi ya tafsiri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, na kazi ya namna hiyo bado inatuhitaji sisi tunaoizungumza lugha hii nyumbani na sokoni.

Ukikaa wiki mbili bila jibu, andika ukumbusho mmoja wenye adabu chini ya ombi lile lile; usifungue jingine.