Maswali ya Wasomaji: Simuleta ya Ndege za Mfano

SWALI: Mhariri, shikamoo. Binti yangu mwenye umri wa miaka 15 ameunda ndege ya mfano kwa lile povu gumu linalofungiwa televisheni mpya kwenye maboksi, na mjomba wake amempa rimoti ya RadioMaster. Tumeshauriwa aanze kwa simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha ndege, asije akaivunja ndege siku ya kwanza. Muuzaji mmoja mjini anatusisitizia programu ya bei kubwa, kwa sababu picha zake ni nzuri, pamoja na padi ya michezo ya video. Kipakatalishi chetu ni cha zamani. Tufanyeje? – Mzazi, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Marahaba. Kwa sasa msinunue programu hiyo, wala padi. Kifaa cha thamani zaidi tayari mnacho, nacho ni ile rimoti, kwa hiyo simuleta inayomfaa binti yako ni ile itakayoipokea rimoti hiyo na kuuiga upepo kwa uaminifu, hata kama nyasi na mawingu yake si ya kupendeza.

Padi ina vijiti vifupi ambavyo kwa kawaida hurudi katikati vinapoachiliwa, ilhali katika rimoti ya ndege kijiti cha kasi ya mota hubaki pale kilipoachwa. Mtoto aliyezoea padi atafika uwanjani akiwa na mazoea ambayo vidole vyake vitalazimika kuyasahau, tena wakati ndege iko hewani. Rimoti za RadioMaster huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Hakikisheni waya huo unapitisha data, kwani baadhi ya nyaya ni za kuchaji tu. Rimoti ikiuliza itumiwe kwa kazi gani, binti yako achague joistiki (Joystick), yaani itumike kama vijiti vya kuongozea simuleta.

Akague pia mpangilio wa vijiti. Katika modi 2, kasi ya mota iko kwenye kijiti cha kushoto, na cha kulia huinua au kushusha pua na kuinamisha mabawa. Katika modi 1, kasi iko kulia na pua huongozwa kwa kijiti cha kushoto. Mpangilio wowote unafaa, mradi simuleta na ndege vifuate ule ule mmoja.

Programu kama Microsoft Flight Simulator, pamoja na ubora wake, imekusudiwa zaidi kumweka mtu ndani ya chumba cha rubani, na hilo silo analolihitaji. Anahitaji kusimama uwanjani na kuitazama ndege kutoka chini, kwa sababu ugumu mkubwa wa kazi hii huanza pale ndege inapogeuka na kumjia, ambapo kulia na kushoto huonekana kubadilishana. Ndege ikimjia huku imeinama, asukume kijiti kuelekea upande wa bawa lililoshuka, nalo litainuka. Kanuni hii husomwa kwa dakika moja, lakini mkono huhitaji wiki nyingi za mazoezi kabla ya kuifuata bila kufikiri, na hapo ndipo simuleta inapostahili kila saa itakayotumiwa.

Kwetu Pwani, jambo la upepo lina uzito wa pekee, maana ndege nyepesi ya povu itakutana na kusi au kaskazi karibu mwaka mzima. Ndege inayosukumwa na upepo kutoka nyuma huonekana kwenda mbio mno ikilinganishwa na ardhi, ingawa kasi yake ndani ya hewa haijabadilika. Mwanafunzi akidanganywa na macho yake, hupunguza mota na kuvuta pua juu. Mabawa hukosa hewa ya kutosha ya kuyabeba, na ndege huanguka ghafla. Kwa hiyo chagueni simuleta inayoruhusu kuweka nguvu na mwelekeo wa upepo. Baada ya kuzoea hewa tulivu, aongeze upepo kidogo kidogo, na afanye mazoezi ya kutua akiielekeza pua ya ndege kule upepo unakotoka.

Ningeanza na PicaSim, ambayo hupatikana bila malipo na haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Ipo hata ya simu za Android, lakini kugusa kioo hakufundishi vidole kazi ya vijiti, hivyo atumie kipakatalishi na rimoti yake. Picha zikikatikakatika, ashushe kiwango cha michoro, kwa kuwa picha inayochelewa humfanya asahihishe kosa ambalo tayari limepita. Achague ndege ya mafunzo yenye mabawa juu ya kiwiliwili, aachane kwanza na zile za sarakasi.

RealFlight na aerofly RC ni programu nzuri za kulipia, zenye ndege nyingi zaidi na helikopta, na helikopta hasa huhalalisha gharama hiyo. Binti yako akifikia hatua ya kuzitamani, soma kwanza mahitaji ya kompyuta yaliyotangazwa na watengenezaji, kisha uyalinganishe na kipakatalishi chenu. Ukiuziwa simuleta iliyotumika, uliza kama ilikuja na kifaa chake cha USB, kwa sababu baadhi ya matoleo ya zamani hayafunguki kabisa bila kifaa hicho.