Kibwawa cha uani bila mbu: kosa langu lilikuwa ukingoni

Bibi wa nyumba ya pili alipiga hodi saa kumi jioni, anajipungia kwa upindo wa khanga, miguu haitulii.

"Shikamoo bibi. Karibu ndani."

"Marahaba mwanangu. Sikai, nina moja tu. Hilo dimbwi lako linatumaliza."

Nikajitetea kwa kujiamini kabisa kwamba mle ndani mna perege, na perege wanakula viluwiluwi vya mbu. Bibi akachungulia juu ya ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Basi hao samaki wako wamefunga."

Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Kibwawa kile nilikichimba mwenyewe na kijana mmoja wa mtaani, huku Kigamboni, mita 3 kwa 2, nikatandika turubai zito, nikaweka vifaranga 30 vya perege na bata wanne juu yake. Masika ilipokatika, mbu wakawa wengi kweli, na si kwa bibi tu. Sasa hivi ni mwaka wa tatu, kibwawa kipo, samaki wapo, na nimejifunza mambo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijashika jembe.

Nianze na aibu yangu. Siku ile ile shemeji alinishauri nimwage oili chafu ya gari. "Kidogo tu, pembeni, vinakosa hewa vinakufa." Ni kweli kwamba viluwiluwi huja juu kuvuta hewa, na utando wa mafuta unavizuia. Wazee walitumia mbinu hiyo kwenye mitaro miaka mingi. Nilimwaga nusu lita kwenye kona. Asubuhi perege watano walikuwa wameelea tumbo juu, wengine wanahema midomo ikiwa juu ya maji, na bata wamelowa mafuta hadi kifuani, manyoya yameshikana. Nilitumia siku mbili kuwaosha kwa sabuni ya kipande, wakinidonoa. Kama una kiumbe chochote unachokipenda ndani ya maji, au unanyweshea mboga kwa maji hayo, oili usiiguse.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda ofisi ya kata kumwomba bwana afya aje. Nilitegemea faini. Alikuja na upawa mweupe wa plastiki na chupa tupu ya maji, basi.

Alichofanya kwanza ni kusimama. Nilipomsogelea akaninyooshea mkono: "Baki hapo hapo, kivuli chako kinaviambia vizame." Kumbe kiluwiluwi kikiona kivuli kinapiga mbizi, kinakaa chini dakika kadhaa. Ndiyo maana mimi kila nikichungulia nilikuwa naona maji safi! Ukitaka kupima, kaa ukilielekea jua ili kivuli chako kiangukie nyuma, tulia kama dakika moja, kisha chota ghafla pale majani yanapogusa maji. Upawa uwe mweupe, kwa sababu viluwiluwi ni vya kahawia au vyeusi na kwenye chombo cheusi huvioni.

Akachota katikati ya bwawa mara tano. Hakuna kitu. Akachota ukingoni, upande ule wenye mteremko ambao niliutengeneza ili bata wapande kwa raha: upawa mmoja, viluwiluwi kumi na vinne. Nilivihesabu mwenyewe, vinajinyonganyonga ndani ya ule weupe.

"Unaona hivi vinavyolala sambamba na maji, kama kijiti kinachoelea? Hivi ni vya anofelesi, mbu wa malaria. Vile vya mitaroni vinaning'inia kichwa chini, mkia juu, kwa sababu vina bomba la kupumulia mkiani. Hivi havina bomba, ndiyo maana vinalala."

Hapo nikaelewa kibwawa changu. Kule ukingoni maji yalikuwa na kina cha vidole viwili, nyasi zimeingia majini, jua linapiga. Perege wangu, ambao kwa wakati huo walishafika ukubwa wa kiganja, hawakuweza kufika pale hata wangetaka. Na wasingetaka, maana nilikuwa nawapa pumba na mashudu asubuhi na jioni mpaka chakula kinabaki kinaelea. Bibi alikosea kidogo tu. Samaki wangu hawakuwa wamefunga, walikuwa wameshiba.

Usinielewe vibaya, samaki wanafanya kazi. Kisii, magharibi mwa Kenya, watafiti waliweka sato kwenye mabwawa ya samaki yaliyokuwa yametelekezwa, na baada ya wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Bwawa lililoachwa bila samaki, na nyasi zake, ndilo kiwanda cha mbu. Lakini samaki ni mlinzi anayelinda pale anapofika tu, na akiwa na njaa.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa ya jembe. Nilipunguza maji, nikaukata ule mteremko pande tatu hadi ukingo ukasimama kama ukuta, maji yakiwa ya kina cha magoti tangu mwanzo. Ukiwa na udongo wa kichanga kama wetu hautasimama wenyewe, utaporomoka mvua ya kwanza. Mimi nilipanga mawe chini ya turubai na mengine juu kushikilia kingo. Upande wa nne niliwaachia bata ubao wa kupandia, si mteremko. Kuzunguka bwawa nikamwaga changarawe upana wa hatua moja, na nyasi hazisogei tena majini. Changarawe ina faida nyingine: zamani watoto wakichota maji na bata wakikanyaga, tope linabaki na vishimo vya nyayo vyenye maji. Mbu wa malaria anavipenda vidimbwi hivyo vidogo vya juani kuliko bwawa lenyewe. Mtu anaweza kusafisha bwawa likang'aa na mbu wakazaliwa kwenye alama za miguu yake mwenyewe.

Chakula nikapunguza hadi mara moja kwa siku, mchana, kiasi wanachomaliza wakati mimi nimesimama pale. Ijumaa siwapi kitu. Na sikuondoa vifaranga wanapozaliana, kama wengi wanavyofanya ili wakubwa wanenepe, kwa sababu hao wadogo ndio wanaoingia kwenye nyufa za mawe na chini ya majani. Kama lengo lako ni kitoweo, utakuwa na ugomvi na ushauri huu. Perege waliobanana hawakui. Mimi nimekubali kula samaki wadogo.

Watu wananiuliza kuhusu wale samaki wadogo wa mapambo, gapi, au yule wa Marekani anayeitwa gambusia. Gapi wanakula viluwiluwi vizuri na kwenye beseni la simenti ambalo halifurikii popote wanafaa. Gambusia mimi simshauri. Amepelekwa nchi nyingi kwa ajili ya mbu, na sehemu nyingi amewamaliza samaki wa asili na mayai yao, mpaka amewekwa kwenye orodha ya viumbe vamizi wabaya zaidi duniani. Kibwawa chako kikifurika masika, samaki wataishia mtoni. Chukua perege wa karibu yako. Na kama unajaza kwa maji ya bomba, yaache wazi kwenye chombo siku moja au mbili kwanza, klorini itoke.

Sasa nirudi kwa bwana afya, maana alipomaliza bwawani hakuondoka. Aliuliza: "Huyo bibi anaumwa na mbu saa ngapi?"

Nikamwambia, alikuja saa kumi, anajipiga miguu.

"Basi huyo si wa bwawani." Akaanza kuzunguka ua kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mbu wa malaria huuma usiku. Anayeuma mchana kweupe, hasa asubuhi na alasiri, mwenye miguu ya madoa meupe kama pundamilia, ni aedesi, na yeye hana shida na bwawa lenye samaki. Anataka chombo. Nyuma ya banda la bata, mita chache kutoka ukuta wa bibi, nilikuwa na pipa la maji ya bustani lisilo na mfuniko, tairi ambalo nililiweka bata wapande, na lundo la vifuu vya nazi ambavyo mama watoto alikuwa anavitunza kwa ajili ya kuwashia moto. Ndani ya tairi maji yalikuwa meusi na yanacheza. Aedesi hasafiri mbali na alikozaliwa, na ukuta wa bibi ulikuwa hapo hapo.

Huyu ndiye anayeleta dengi, ambayo Dar es Salaam tuliiona vibaya 2014 na tena 2019. Ndiye pia anayeeneza chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza 1952 huko uwanda wa Makonde, kusini kwetu, na jina lake limetoka kwenye Kimakonde, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mtu. Kwa hiyo chandarua ni lazima kwa malaria, lakini hakikusaidii saa kumi jioni ukiwa kibarazani unachambua mchele.

Tairi nililitoboa matundu chini, sasa ni kitanda cha mchicha. Vifuu vikaingia jikoni siku hiyo hiyo. Pipa ndilo lililonisumbua, kwa sababu nililimwaga, nikalianika, nikalijaza tena, na wiki iliyofuata viluwiluwi vikawemo! Bwana afya alinicheka kwenye simu. Aedesi hatagi juu ya maji, anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji yalipoishia, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri maji yapande. Kumwaga tu hakutoshi. Lazima usugue kuta kwa brashi ngumu, kisha ufunge mdomo wa pipa kwa kipande cha chandarua kuukuu na mpira wa baiskeli.

Kuna dawa moja ninayoitumia, na siyo ya kupuliza. Ni ya bakteria anayeitwa Bti. Kiluwiluwi kikimla, sumu yake inaharibu utumbo wake, kinakufa. Samaki, bata na kereng'ende hawadhuriki. Viuadudu vya aina hii vinatengenezwa hapa hapa, kwenye kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Fuata kipimo cha kwenye chupa na urudie kama kilivyoandikwa, kwa sababu haidumu majini. Jambo ambalo halisemwi sana dukani ni kwamba Bti inafanya kazi kwa kuliwa, na pupa hali chochote. Pupa ni ile hatua ya mwisho, kadude kenye umbo la alama ya mkato kanakorukaruka. Ukiona pupa wengi kwenye upawa, umechelewa, keshokutwa wataruka. Ni bora umwage chombo, au kama ni bwawa, uwachote kwa chujio.

Pampu ya kurusha maji nilijaribu. Ni nzuri kwa macho, na mbu hapendi kutaga maji yakichezacheza, ila luku inakimbia na umeme ukikatika maji yanatulia. Niliiuza. Yale majani yanayoelea mfano wa kabichi ndogo, ambayo watu wanauziana kwa ajili ya urembo, nimeyatoa yote. Kuna aina ya mbu ambao viluwiluwi vyao vinatoboa mizizi yake na kuvuta hewa humo humo, havipandi juu kabisa, hata upawa hauvioni. Yungiyungi nimebakiza mawili tu, mradi nione maji.

Ukiniuliza ni lipi moja la kushika, ni upawa. Kwa joto letu yai linakuwa mbu anayeruka kwa wiki moja hivi, wakati mwingine zaidi kidogo, kwa hiyo anayepima kila wiki anaviwahi vingi vikiwa bado majini. Kazi hiyo nimemwachia binti yangu wa darasa la tano. Kila Jumamosi kabla ya chai anachota mara kumi kuzunguka bwawa, mara moja kwenye pipa, anaandika idadi kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Miezi mingi ni sifuri tupu. Jumamosi iliyopita aliandika tatu, zote za upande wa mwembe. Tulipoenda kuangalia tukakuta jiwe moja limeporomoka na kuacha kijibwawa cha upana wa sahani nyuma yake. Tumelirudisha. Bibi kuhusu mbu ametulia. Siku hizi anakuja kulalamikia bata.