Hataza ya kupimia maji kwa joto: tunajibu maswali yenu

*Shikamoo mzee. Nimeunda kidude cha kujua maji yamefika wapi ndani ya jabia, kwa waya unaopashwa moto. Naambiwa kampuni ya Marekani ina hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi, yaani patent) ya kitu kama hicho. Nimeiba? (Fundi, Lamu)*

Marahaba mwanangu. Waya wa moto ukiwa hewani hupoa polepole. Ukizama majini hupoa papo hapo, na maji yakienda mbio hupoa zaidi. Hayo ni maumbile, hayana mwenyewe. Mwanasayansi L. V. King alichapisha hesabu za waya wa moto ndani ya mkondo tangu 1914.

Kinachomilikiwa ni mpangilio ulioandikwa kwenye madai ya hataza, yaani vifungu vinavyotaja mwenyewe anamiliki nini hasa, kwa hiyo yasome neno kwa neno. Tuseme dai linataja kipasha joto, vipimajoto viwili, kimoja juu na kingine chini, na saketi ya kulinganisha. Chako kina kipimajoto kimoja tu, wala hukuweka kingine cha kufanya kazi ileile? Basi ni vigumu kukushika.

Tena hataza ya Marekani haina nguvu Lamu. Lazima iwe imesajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwandani iliyoko Nairobi, au imepitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la haki za ubunifu lililoko Harare, na Kenya ikatajwa. Anza kutafuta huko. Ila ukipeleka mzigo Marekani, umeingia kwenye sheria yao.

*Natumia nyumbani tu, siuzi. (Shela)*

Huna kosa. Haki ya mwenye hataza inahusu viwanda na biashara.

*Nilikionyesha changu kwenye maonyesho. Nimechelewa kuomba hataza? (Malindi)*

Hesabu miezi. Sheria yetu ya mali ya viwandani ya 2001 inakupa 12 tangu ulipokitoa hadharani. Ulaya ungekuwa umeshakosa. Usingoje mwezi wa mwisho, mwanangu.

*Wakili ameniandikia: nilipe au nifunge karakana. (Malindi)*

Usitie sahihi wala usitoe hata shilingi kwanza. Barua za namna hii zinaniuma, kwa maana fundi huogopa nembo ya wakili akaacha kazi yake halali. Jibu kwa maandishi: nambari ya hataza ya Kenya ni ipi, na ni dai gani nimelivunja? Kisha uliza KIPI kama ada ya kila mwaka imelipwa na kama miaka 20 tangu ombi haijaisha. Ikiwa hataza ingali hai nao wanashikilia, tafuta wakili wako: liko baraza la kesi za mali ya viwandani, na unaweza kuliomba litamke kwamba kidude chako hakigusi madai yao.