Mkimya na mchangamfu timu moja: niliyoyaona kwenye klaringi

Mkuu, umeuliza kama mkimya, kama huyo mhasibu wako, na mchangamfu wanaweza kukaa timu moja bila kuharibiana kazi. Nimekaa miaka sita kwenye klaringi, yaani ofisi ya uwakala wa forodha inayowatolea wateja mizigo bandarini hapa Dar, ngoja nikupe kisa.

Bandarini tulikuwa na jamaa tumembatiza Redio. Huyo anasalimiana na watu kuanzia getini, mzigo ukikwama anajua pa kuanzia kuuliza. Nyaraka zilikuwa kwa dada mmoja mpole mno, unakaa naye asubuhi mpaka saa saba husikii zaidi ya "nipitishie stepla."

Jumatatu moja likaja kontena la futi 40, ndani paneli za sola na betri zake. Wa forodha wanajua: kila bidhaa ina namba yake ya kutozea ushuru, paneli huingia namba 8541, betri 8507, na ushuru wake si lazima ulingane. Redio akasema zote ni "vifaa vya sola," ziende namba moja, mteja ana haraka. Dada akainua kalamu, akaanza "Ila betri..." Redio akatupia utani, bosi akacheka, kikao kikafungwa.

Forodha wakarudisha nyaraka. Kontena likalala bandarini, storeji, ada ya kulaza mzigo, inahesabu kila siku, mteja anapiga simu mpaka usiku. Bosi akawaka: "Mbona hukusema?" Dada akatoa daftari, namba zote mbili zimeandikwa tangu Jumatatu. "Nilisema, bosi. Mlikuwa mnacheka."

Hapo ofisi ilishatumia hela kwenye lile jaribio la haiba la aina 16 (MBTI), linalompa kila mtu herufi nne za haiba yake, lenye mizizi kwa mwanasaikolojia Carl Jung na maandishi yake ya 1921. Herufi zetu zilibandikwa mezani kama bei za dukani. Mimi nililifanya mara mbili mwaka huohuo, nikatoka watu wawili tofauti! Kilichobaki ni visingizio tu: mtu akikukatiza anakwambia ndivyo alivyo.

Kilichosaidia ni kubadili utaratibu. Hakuna tamko la forodha linalotumwa kabla dada hajaandika neno lake kwenye grupu la WhatsApp, na kikaoni anaanza yeye. Redio alinuna wiki nzima. Lakini haki yake nimpe: dada naye angeshikilia faili siku mbili kwa ajili ya nukta, ikabidi awekewe mwisho saa kumi jioni. Na siku mteja alipokuja ofisini anafoka, dada alijifungia stoo. Redio ndiye aliyemkalisha, akamwagizia chai, mpaka akaondoka anacheka.

Kwa huyo mhasibu wako mkimya, usimshtukize kwa swali mbele za watu. Mpe ajenda jana yake, akujibu kwa maandishi, kisha wewe ndiye ulisome jibu lake kikaoni kabla waongeaji hawajashika usukani.