Mgeni katika vilabu vya usiku vya Kabukicho

Ndugu, umeuliza kama mtalii asiyejua Kijapani anaweza kuingia katika vilabu vya watu wazima vya Kabukicho, mtaa wa starehe ulioko Shinjuku jijini Tokyo. Anaweza, ingawa baadhi ya wenye vilabu huwakataa wageni waziwazi, na ukikataliwa ni heri uondoke bila kubishana.

Hatari kubwa iko barabarani, kabla hujaingia popote. Kijana mchangamfu mwenye Kiingereza cha kutosha atakuandama akikuahidi kunywa utakavyo kwa yeni 3,000, kisha ukishaketi ndani bili inaongezewa ada ya kiti, ada ya huduma na vinywaji vya mabinti waliokaa nawe, hata ikafika makumi ya maelfu. Kuwaita wapita njia namna hiyo kumepigwa marufuku, na vipaza sauti vya mtaa huo hutangaza kwamba watu hao wasifuatwe. Ajabu ni kwamba bado wanapata wateja.

Katika klabu halali ya aina ya kyabakura unalipia muda wa kuzungumza na kunywa, basi. Kumgusa mhudumu hakuruhusiwi, na ukahaba umekatazwa kwa sheria ya mwaka 1956. Ulizia jumla ya gharama, pamoja na kodi na malipo ya kuongeza muda, kabla hujaketi, na ulipe kwa fedha taslimu. Wakikubana, tafuta koban, yaani kituo kidogo cha polisi, au piga simu 110.