Ngano ya Filburn: majibu kuhusu mipaka ya serikali ya Marekani

Shikamoo mwalimu. Inakuwaje jaji mmoja, ambaye hata hakupigiwa kura, azuie amri ya rais wa Marekani? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Kwa sababu rais wa kule hana mamlaka ya kuzaliwa nayo. Kila anachoamuru lazima aonyeshe kimetoka wapi: ndani ya Katiba, au katika sheria iliyopitishwa na Kongresi, yaani bunge lao. Aprili 1952, vita vya Korea vikiendelea na wafanyakazi wa viwanda vya chuma wakijiandaa kugoma, Rais Harry Truman aliagiza serikali ivishike viwanda hivyo. Hoja yake ilikuwa na uzito, maana askari walikuwa vitani na silaha haziundwi bila chuma. Wenye viwanda wakaenda kwa jaji wa wilaya mjini Washington, yaani wa mahakama ya shirikisho ya ngazi ya kwanza, naye akawapa zuio. Kufika Juni, Mahakama ya Juu ikakubaliana naye kwa kura 6 dhidi ya 3. Majaji wote tisa walikuwa wameteuliwa na Truman mwenyewe au na Roosevelt aliyemtangulia, na wawili kati ya wateule wake Truman walipiga kura dhidi yake. Viwanda vikarudishwa.

Ila Juni 2025 mahakama hiyohiyo ilizifupisha kamba za majaji wa wilaya: zuio lao lisivuke kiasi kinachotosha kuwapa nafuu waliofungua kesi. Kwa hiyo lile zuio la nchi nzima kutoka kwa jaji mmoja si jepesi kama zamani.

Huku kwetu hatuishi kubishana juu ya mambo ya Muungano. Je, Wamarekani nao wana orodha kama hiyo? (Msomaji, Unguja)

Wanayo, na wewe unayeijua yetu umeshaielewa nusu ya Katiba yao. Orodha yetu ilianza na mambo 11 mwaka 1964, leo ni 22. Ya kwao imo kwenye Ibara ya 1, kifungu cha 8: kutoza kodi, kukopa, kutengeneza sarafu, posta, jeshi, kutangaza vita, kusimamia biashara na nchi za nje na baina ya majimbo, na mengine machache. Marekebisho ya 10 ya Katiba, ya mwaka 1791, yanafunga mlango: ambalo serikali ya shirikisho, ile ya Washington, haikukabidhiwa, wala majimbo hayakukatazwa, limebaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Tofauti ni namna orodha zilivyokua. Yetu imeongezwa vipengele kwenye karatasi, ndiyo maana tunaweza kuvihesabu na kuvigombania. Ya kwao imekua zaidi kwa maneno kuvutwa, na neno lililovutwa kuliko yote ni "biashara".

Hapa naomba nikupe kisa cha mkulima, kwa kuwa kila ninapokisoma kinaniuma. Roscoe Filburn alikuwa na ng'ombe wa maziwa na kuku karibu na Dayton, Ohio. Sheria ya shirikisho ya kupandisha bei ya ngano ilimpangia ekari 11.1, yeye akalima 23. Akatozwa faini ya senti 49 kwa kila busheli (kipimo chao cha nafaka) iliyozidi, jumla dola 117.11. Akajitetea kwamba ngano ile ni ya kulisha mifugo yake, unga wa nyumbani na mbegu. Mwaka 1942 majaji wote wa Mahakama ya Juu wakamkatalia. Walisema anayejilimia hanunui sokoni, na wakulima wa namna yake wakiwa wengi bei ya nchi nzima itatikisika. Hivyo ni biashara baina ya majimbo. Naamini hukumu ile ilikosea. Ikiwa kutouza wala kununua nako ni biashara, sioni kitu cha mtu kinachobaki nje ya orodha.

Haikuwa hadi 1995 ndipo mahakama iliposema basi: ilifuta sheria ya shirikisho iliyokataza bunduki karibu na shule, kwa kuwa kubeba bunduki si biashara. Bunduki shuleni bado zilizuiwa na sheria za majimbo, Texas ikiwemo, ambako kesi hiyo ilianzia. Lakini miaka kumi baadaye, katika kesi ya bangi iliyooteshwa nyumbani California kwa ajili ya tiba, hoja ya ngano ya Filburn ikarudi na serikali ya shirikisho ikashinda.

Nina green card tu. Majirani wananiambia Katiba ni ya raia, mimi nikae kimya. (Mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio)

Usikae kimya, mama. Marekebisho ya 5 na ya 14, yanapolinda uhai, uhuru na mali, yanataja "mtu", hayakusema raia. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ilimpa haki dobi Mchina wa San Francisco, Yick Wo, asiye raia, baada ya jiji kuwanyima vibali madobi Wachina karibu 200 huku likiwapa wasio Wachina. Kupiga kura za taifa ni kwa raia, na masharti ya ukaazi wako yanabaki palepale. Simu yako nayo ina kinga: tangu 2014 polisi waliokukamata hawaruhusiwi kuipekua bila hati ya jaji, isipokuwa kwa dharura. Mpakani na uwanja wa ndege kinga hiyo ni nyembamba mno.

Mbona umri wa kununua pombe ni miaka 21 kila jimbo, kama majimbo yana uhuru? (Nairobi)

Fedha. Kongresi ilitishia kukata asilimia 5 ya fedha za barabara kwa jimbo litakalokataa kuweka umri huo. South Dakota ilishtaki, ikashindwa mwaka 1987.

Basi majimbo ndiyo ngome ya uhuru? (Mombasa)

Hapana, na ninayetetea mipaka nawiwa kulisema hili waziwazi. "Haki za majimbo" ndilo neno lililotumika kulinda utumwa, kisha ubaguzi wa rangi. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas aliweka askari wa jimbo kuwazuia watoto tisa weusi kuingia shule ya Little Rock, na ni Rais Eisenhower aliyepeleka jeshi la taifa kuwaingiza. Mwenye kukunyima uhuru anaweza kukaa Washington au mtaa wa pili.

Na mahakama zenyewe zikiogopa? (Bujumbura)

Zimewahi kuogopa. Mwaka 1942 Wamarekani wenye asili ya Japani na wazazi wao, kama 120,000, walihamishwa kutoka Pwani ya Magharibi na kuwekwa kambini. Tarehe 18 Desemba 1944 Mahakama ya Juu ilibariki kuhamishwa kwao, kura 6 dhidi ya 3. Siku hiyohiyo, kwa kauli moja, iliamua kwamba raia mtiifu hawezi kuendelea kufungiwa.

Kesi hiyo ya pili ilikuwa ya Mitsuye Endo, karani wa serikali ya jimbo huko Sacramento. Serikali ilikuwa imeshamwahidi kumwachia, mradi asirudi Pwani ya Magharibi. Angekubali, kesi ingekufa. Alikataa, na hukumu ilipotolewa alikuwa bado yumo kambini.